Antena mpya juu ya paa, TP ileile ya zamani

Tangu Mei 2025, ARPTC, mamlaka inayosimamia posta na mawasiliano nchini Kongo, ilipoipa leseni Starlink, huduma ya intaneti ya setilaiti, maongezi ya elimu hapa Lubumbashi yamepanda juu ya paa. Mwaka mmoja tu kabla ya hapo, Machi 2024, mamlaka hiyohiyo ilikuwa imetangaza kwamba kutumia huduma hiyo ni kosa. Leo wazazi, wakuu wa vyuo na wanafunzi wa politekniki wanaulizana habari za antena: nani ataifunga kwanza, itagharimu kiasi gani, itabeba watu wangapi kwa pamoja. Chini ya maswali hayo kuna imani ambayo haitamkwi sana lakini inaongoza mipango mingi: kwamba intaneti ikishakuwa ya haraka, vijana wetu wataanza kubuni vitu. Naona hapo ndipo tunapokosea. Kinachotukwamisha zaidi ni namna tunavyosoma kwa makundi, au niseme, namna tunavyoandika majina kwa makundi huku kila mtu akisoma peke yake, au asisome kabisa. Chombo cha kidijitali kinafuata mazoea ya mikono inayokishika. Mikono ikizoea kunakili, kitanakili kwa kasi. Ikizoea kugawana kazi na kuhojiana, hapo kitafungua mlango ambao zamani ulikuwa umefungwa.

Kwa msomaji ambaye hakusomea Kongo, nieleze TP ni nini. Ni kifupi cha Kifaransa cha kazi ya vitendo ambayo profesa au asistenti, yaani mhadhiri msaidizi, anawapa wanafunzi, mara nyingi kwa makundi. Promosyo, yaani wanafunzi wote wa mwaka mmoja, ikiwa na watu mia tatu, asistenti mmoja hawezi kusahihisha karatasi mia tatu. Kwa hiyo anawagawa makundi ya watu kumi na tano au ishirini na kuwapa kila kundi mada yake. Watu wawili, karibu kila mara walewale, wanakesha wakiandika. Mmoja anakusanya pesa za kuchapa. Waliobaki wanatuma majina yao ili yapangwe kwenye ukurasa wa kwanza. Matokeo yakitoka, wote wamepata 14 juu ya 20. Mimi nina TP moja ya takwimu ambayo jina langu lilikuwa la saba kwenye orodha, na sikuwahi kusoma kilichokuwa ndani. Miaka ilipopita nikahitaji takwimu zile kazini, nikalazimika kuanza upya, mtu mzima, kwa kumwomba kijana mdogo anieleze. Sikumlaumu asistenti wetu wakati ule na simlaumu leo. Alikuwa na karatasi nyingi na mshahara mdogo. Lakini tulifundishana jambo baya sana, kwamba kundi ni mahali pa kujifichia.

TP haisimami peke yake. Imeegemea silabasi, yale maelezo ya somo ambayo profesa ameyachapa na mwanafunzi anayanunua. Katika vyuo vingi, mwanafunzi ambaye hajanunua silabasi anajua kwamba amejiweka hatarini. Mtihani unaulizwa kutoka humo, jibu zuri ni lile linalofanana na ukurasa, na mwenye kumbukumbu kali anapita. Mfumo huu una historia. Shule ya wakoloni katika Katanga ya Union Minière, kampuni ya madini ya wakati ule, ilihitaji makarani na mafundi wa kutekeleza maagizo, watu wa kunakili bila kukosea, na haikuwa na haja kubwa ya watu wa kuuliza kwa nini tanuri limejengwa hivi na si vile. Chuo kikuu chetu kilianzishwa mwaka 1955, miaka mitano tu kabla ya uhuru, na tangu hapo kimetoa madaktari, wanasheria na wahandisi ambao nchi nzima inawategemea. Sitaki kukibeza. Nasema tu kwamba kunakili kulipewa heshima ya elimu kwa muda mrefu, na heshima hiyo haiondoki kwa sababu sahani nyeupe imefungwa kwenye bati.

Si mara ya kwanza kungojea waya utuokoe. Mwaka 2013 Kongo iliunganishwa na kebo ya bahari ya WACS pale Muanda, na wakati ule pia ilisemwa kwamba vyuo vitabadilika. Kilichofuata tunakijua. Kila promosyo ikapata kundi la WhatsApp linaloongozwa na CP, mkuu wa promosyo, na kundi hilo likawa ubao wa matangazo: saa ya mtihani, namba ya kulipia ada, silabasi iliyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Watu mia tatu wana uwezo wa kuongea wote kwa wote, wakati wowote, jambo ambalo babu zetu wangeliona kama muujiza, na tunautumia uwezo huo kutuma tangazo kutoka juu kwenda chini. Ukumbi uleule wa mihadhara umeingia ndani ya simu.

Hata mageuzi ya LMD, yaani mfumo wa leseni, masta na doktora, yaliyoanza katika vyuo vyetu mwaka wa masomo 2021-2022, yamepokelewa kwa masikio hayohayo. Wengi walisikia kwamba graduat, ile shahada ya kwanza ya zamani, imefutwa, kwamba sasa ni shahada ya leseni ya miaka 3 yenye krediti 180, wakabadilisha maneno kwenye vyeti na ratiba. Lakini kiini cha krediti ni kwamba saa za mwanafunzi nje ya darasa zinahesabiwa kama sehemu ya somo: saa za kusoma, kutafuta, kujaribu, kujadiliana. Saa hizo ndizo zingekuwa nyumba ya kazi ya pamoja. Mahali pengi zimebaki tupu, zimeandikwa kwenye jedwali tu, na hakuna anayeuliza mwanafunzi alizitumia na nani.

Wapo wanaosema: acha falsafa, leta intaneti kwanza. Hoja yao ina uzito na sitaipuuza. Mwanafunzi wa Katuba au Ruashi ananunua mega, yaani data za intaneti, kwa pesa ambayo ingenunua unga. Umeme unakatwa, delestaji, yaani mgao wa umeme, inaweza kuchukua usiku mzima, na simu inazimika katikati ya kazi. Vitabu vya uhandisi vilivyoko maktabani vingine vina umri mkubwa kuliko wazazi wa wanaovisoma. Mtu akiniambia kwamba huwezi kubuni kitu kuhusu betri bila kujua wenzako wa mabara mengine wamefika wapi, nakubaliana naye bila masharti. Umaskini wa habari ni umaskini halisi, na unauma zaidi katika mji huu ambao kobalti ya mkoa wetu na ya majirani zetu wa Kolwezi inaingia kwenye betri za dunia nzima huku mtoto wa hapa akisoma habari za betri hizo kwenye skrini iliyopasuka.

Ila tuangalie waliotangulia njia hiyo. Peru iligawa kompyuta ndogo kwa watoto wa shule kwa mamia ya maelfu, katika mpango wa One Laptop per Child. Mwaka 2012 watafiti walichapisha matokeo kutoka shule za msingi 319 za vijijini: baada ya zaidi ya mwaka mmoja, hawakuona maendeleo yoyote katika hesabu wala lugha, ingawa waliona dalili njema katika vipimo vya kufikiri kwa jumla. Mtu angeweza kujibu kwamba shule zile nyingi hazikuwa na intaneti. Basi utafiti mwingine ukafanywa Lima, watoto wakapewa kompyuta na intaneti nyumbani, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 hayakuonyesha tofauti katika hesabu na kusoma. Sitoi mfano huu ili kusema vyombo havina maana. Nasema kwamba chombo kilitua katika shule ambazo namna ya kufundisha haikuguswa, na namna hiyo ndiyo iliyoshinda.

Wapo wengine, na hawa nawaogopa zaidi kwa sababu wana ushahidi, wanaosema kundi lenyewe ndilo tatizo. Kwao mbunifu ni mtu mmoja mwenye kichwa chake, na kundi linamvuta chini. Mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Maximilien Ringelmann, alipima watu wakivuta kamba na kuchapisha vipimo vyake mwaka 1913. Aliona kwamba kadiri wavutaji wanavyoongezeka ndivyo kila mmoja anavyovuta kidogo, mpaka kwa watu wanane kila mmoja alitoa karibu nusu tu ya nguvu ambayo angeitoa akiwa peke yake. Anayesoma vipimo hivyo akiwa amewahi kufanya TP anatikisa kichwa, maana ameiona kamba ile. Mwaka 1958, katika Chuo Kikuu cha Yale, watafiti walilinganisha makundi ya watu wanne waliotafuta mawazo wakiwa wamekaa pamoja na watu wanne waliotafuta kila mmoja kivyake, kisha mawazo yao yakajumlishwa. Waliokuwa kila mmoja kivyake walitoa mawazo karibu mara mbili. Ukikaa na wenzako unangoja zamu ya kusema, unaogopa kuchekwa, unasahau ulichotaka kusema, unafuata wazo la aliyetangulia.

Kwa hiyo kusema tu "wafanye kazi pamoja" ni kuwarudisha kwenye kamba ya Ringelmann. Lakini vipimo hivyo vinahusu makundi ya aina fulani, yale ambayo mchango wa kila mtu hauonekani na hakuna anayemhitaji mwenzake kwa jambo mahususi. Badilisha masharti hayo mawili na mambo yanabadilika. Mwaka 1971, katika mji wa Austin huko Texas, shule zilikuwa zimetoka tu kuchanganya watoto weupe, weusi na wenye asili ya Mexico, na madarasa yalikuwa yamejaa chuki. Mwanasaikolojia Elliot Aronson na wanafunzi wake walikata somo vipande. Watoto watano au sita waliwekwa meza moja, kila mmoja akapewa kipande ambacho wengine hawana, akakisoma, akakutana na watoto wa meza nyingine wenye kipande kilekile ili wahakikishe wameelewa, kisha akarudi kuwafundisha wa meza yake. Mtihani ulikuwa wa somo zima, kila mtu peke yake. Ghafla yule mtoto aliyekuwa akidharauliwa kwa lafudhi yake alikuwa na kitu ambacho wenzake walikihitaji, na ilibidi wajifunze kumsikiliza na kumuuliza vizuri. Kundi lilikuwa lilelile la watoto, meza ileile. Kilichobadilika ni mpangilio wa kazi.

Miaka ishirini baadaye, Eric Mazur, profesa wa fizikia wa Harvard, aligundua kwamba wanafunzi wake hodari waliokuwa wakikokotoa milinganyo mirefu walikuwa wakikosea maswali mepesi ya nguvu na mwendo, maswali ambayo hayana namba za kuingiza. Walikuwa wamekariri, kama sisi na silabasi. Akaanza kusimamisha mhadhara, anauliza swali, kila mtu anachagua jibu lake kimya, kisha wanageukiana na kubishana kwa dakika chache kabla ya kujibu tena. Tazama mpangilio huo kwa makini: kwanza peke yako, halafu pamoja. Unajibu pingamizi la mwaka 1958 bila kulikana. Mazur aliona pia kwamba aliyeelewa jambo jana anamweleza mwenzake vizuri kuliko profesa aliyelielewa miaka thelathini iliyopita, kwa kuwa bado anakumbuka mahali alipojikwaa.

Kwetu Lubumbashi jambo hili lina sababu ya ziada ambayo Harvard haina, na ningependa wakuu wetu waipe uzito inaostahili. Mhadhara ni wa Kifaransa. Ubishi ni wa Kiswahili. Simama nje ya ukumbi wowote dakika tano baada ya somo la termodinamiki na usikilize. Utasikia vijana wakielezana kwa Kiswahili cha hapa, kilichojaa maneno ya Kifaransa kama mahindi kwenye gunzi, na mmoja atasema "aah, kumbe!" Hilo "kumbe" ndilo somo. Mwanafunzi ambaye ndani ya ukumbi hakuweza kuinua mkono kwa kuogopa kukosea jinsia ya nomino za Kifaransa, nje anabishana kama wakili. Tukiacha mabishano hayo yafanyike kwa bahati, nje, chini ya mwembe, tunaipoteza lugha ambayo wengi wetu tunafikiria nayo. Tukiyaingiza ndani ya somo, kwa dakika kumi zenye swali lililoandaliwa, tunampa kila mwanafunzi nafasi ya kufikiri kwa lugha anayoimudu kabla ya kuandika kwa lugha inayompa cheti. Hili halihitaji antena.

Hoja niliyoiona dhaifu kuliko zote ni ile ya utamaduni. Nimeisikia kutoka kwa watu ninaowaheshimu: kwamba Mwafrika analelewa kumsikiliza mkubwa, kwamba mtoto hawezi kumhoji mwalimu, na kwamba sisi Wakongo, baada ya yote yaliyotupata, tumebaki kila mtu na tumbo lake, hatuaminiani. Wanaosema hivyo hawatazami nyuma ya nyumba zao wenyewe. Mama anayeuza mboga katika mitaa yetu ya Kenya au Kamalondo yumo katika likelemba. Watu kumi wanatoa kiasi kilekile kila wiki, na kila wiki mmoja anabeba chote. Hakuna mkataba wala polisi, na bado inazunguka. Inazunguka kwa sababu mambo mawili yako wazi kwa kila mmoja: zamu yangu inategemea wewe utoe, na ukikosa kutoa, wote tunajua ni wewe. Hayo ndiyo yaleyale ambayo wataalamu wa kujifunza kwa pamoja, wakiwemo ndugu wawili wa Chuo Kikuu cha Minnesota, David na Roger Johnson, wameyaandikia kwa miongo mingi: kutegemeana kwa kweli na kila mtu kuwajibika kwa sehemu yake. Mama zetu wanayaendesha bila daftari. TP ikijengwa kama likelemba, kwamba kila wiki mmoja anabeba mzigo wote mbele ya wengine na mchango wa kila mtu unaonekana, haitakuwa kitu cha kigeni kwa mwanafunzi yeyote wa mji huu. Kuhusu heshima, fundi wa gereji anamheshimu mwalimu wake kupita kiasi, na bado wakiwa wanne juu ya injini moja yule mdogo anasema "hapana mkubwa, sauti inatoka huku," na mkubwa anainama kusikiliza. Heshima haijavunjika. Injini inawaka.

Na ubunifu wa pamoja una historia hapa mjini, wakati bado ukiitwa Elisabethville. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés, aliyekuwa afisa wa jeshi la majini, alifungua karakana ya uchoraji ambayo ilijulikana kama Hangar. Kuna mengi ya kusema kuhusu mzungu wa wakati ule na mtazamo wake juu ya Waafrika, na sitayafuta. Lakini alikataa jambo moja ambalo walimu wengi walilifanya: hakuwapa vijana michoro ya Ulaya wainakili. Walichora chini ya paa moja, wakitazamana, kila mmoja akitafuta mkono wake. Bela Sara akawa anachora kwa ncha za vidole. Mwenze Kibwanga akajaza picha kwa mistari mifupimifupi inayosogea kama upepo kwenye majani. Pilipili Mulongoy akawa bwana wa samaki, ndege na nyoka. Watu watatu, nafasi moja, na hakuna unayeweza kumchanganya na mwingine. Wanaohofia kwamba kundi linafuta kipaji cha mtu wangezitazama kazi hizo. Kuwa pamoja kuliwafanya wazidi kutofautiana, kwa kuwa hakuna aliyeruhusiwa kujificha nyuma ya mwenzake wala kupewa cha kunakili.

Sasa vyombo. Nikishakubali kwamba mpangilio wa kazi ndio mzizi, naweza kusema bila hofu kwamba vyombo vya kidijitali vina nguvu kubwa, na vingine tayari tunavyo mfukoni. Waraka wa pamoja wa mtandaoni unahifadhi historia yake: unaonyesha nani aliandika aya ipi, saa ngapi, na nani aliifuta. Jambo hilo dogo linaua TP ya majina. Asistenti mwenye makundi ishirini anaweza kufungua historia hiyo na kuona kwa dakika mbili kilichokuwa kinafichwa kwa miaka. Waandishi wa programu wanafanya hivyo kila siku kwa Git, chombo cha kutunza historia ya kazi yao, ambapo kila badiliko lina mwenyewe na sababu yake. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp, tunaoutumia kusalimia shangazi aliyeko Likasi, ni chombo kizuri cha kufundishia: kila mwanafunzi anaeleza kipande chake kwa dakika tatu, kwa Kiswahili akipenda, na mwenzake anajibu kwa swali. Hauhitaji wote wawe na umeme saa ileile. Katika mji wa delestaji, hilo ni sharti la kwanza la kuchagua chombo: aliyekatiwa umeme jioni aweze kuchangia alfajiri bila kupoteza kitu. Mikutano ya video ambayo wafadhili wanaipenda sana inashindwa sharti hilo, na inakula mega za wiki nzima kwa saa moja.

Kuna pia vyombo ambavyo havihitaji mtandao hata kidogo. Kiwix inaweka Wikipedia nzima ya Kifaransa au ya Kiswahili kwenye kadi ya kumbukumbu, na Kolibri inageuza kompyuta moja ndogo kuwa maktaba ambayo simu zote za chumba kimoja zinaisoma bila intaneti. Shule ya sekondari ya pembeni ya mji, yenye paneli moja ya jua na kompyuta moja ya bei ya chini, inaweza kuanza mwezi ujao. Chuo chenye bajeti ya antena kingeweza kutenga sehemu yake kwa maktaba za aina hiyo na kwa meza. Ndiyo, meza. Kumbi zetu zina madawati yaliyofungwa kwa skrubu yakitazama ubao, na mtu hawezi kumgeukia mwenzake bila kuumia shingo.

Akili mnemba imefanya jambo hili liwe la haraka kuliko wengi wanavyokiri. Tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, ile TP ya kurasa kumi na tano ambayo watu wawili walikuwa wakikesha nayo inaweza kuandikwa wakati chai inapoa. Hata wale wawili waliokuwa wakijifunza sasa hawajifunzi. Vyuo vingine vinataka kupiga marufuku, na nafahamu hasira yao, lakini hakuna anayeweza kulinda marufuku hiyo katika promosyo ya watu mia tatu. Karatasi iliyokamilika haiwezi tena kuwa ushahidi kwamba mtu amefikiri. Kinachobaki kama ushahidi ni njia: maswali mliyouliza, jaribio lililoshindikana, mahali mlipotofautiana na jinsi mlivyoamua. Hayo yanaonekana katika kazi ya pamoja iliyopangwa vizuri. Katika kazi hiyo akili mnemba inaweza hata kukaa mezani, ikiulizwa, ikipingwa, ikikutwa imekosea habari za udongo wa Katanga ambao haijawahi kuushika.

Niseme jambo moja kuhusu wasichana, kwa kifupi lakini kwa uzito. Katika makundi ya politekniki msichana ni mmoja au wawili, na kazi anayopewa ni kuandika vizuri na kukusanya michango. Kundi lisilopangwa linarudia nyumba ilivyo. Mpangilio wa vipande unampa msichana kipande cha kiufundi ambacho wengine hawana, na zamu za likelemba zinamweka mbele wiki yake ikifika. Kinshasa imeziona tangu 2013 roboti za kuongoza magari barabarani, kazi ya mhandisi Thérèse Izay Kirongozi na wanawake wahandisi wenzake waliojiunga katika chama. Hawakungoja wapewe kazi ya kuandika.

Haya yote yanaelekea wapi? Tangu Septemba 2022 nchi ina sheria ya kukuza ujasiriamali na kampuni changa, na tangu Machi 2023 ina kanuni ya dijitali. Mlango wa kisheria umefunguliwa, na ninashukuru. Lakini ukienda kwenye mashindano ya vijana utaona programu za simu zinazofanana, za kuagiza chakula au kuita teksi, zilizonakiliwa kutoka miji ambayo haina shida zetu. Tunanakili hata ubunifu. Shida zetu wenyewe zinahitaji watu wa fani tofauti kwenye meza moja. Chukua mbabula, jiko la makala linalowaka katika kila ua wa Lubumbashi huku misitu ya miombo ikizidi kurudi nyuma na bei ya gunia ikipanda. Kulibadilisha kunahitaji anayejua joto na hewa, anayejua udongo wa kufinyanga, fundi wa bati anayejua kipi kitauzika, na mama anayejua bukari, ugali wetu, inavyosongwa na kwa nini jiko zuri la mradi wa jana lilitupwa baada ya mwezi. Chukua bustani za mboga zilizo karibu na mabaki ya madini: kemia, kilimo, tiba na wenye bustani. Kitivo kimoja hakina jibu, na silabasi moja haina ukurasa wa swali hilo. Majedwali ya vipimo yanayojazwa kwa simu, picha zenye mahali na tarehe, ramani huria ya OpenStreetMap ambayo yeyote anaweza kuongeza kisima au dampo, hivyo vyote vinawezesha vitivo vinne kushika tatizo moja bila kungoja mkutano. Antena hapo itakuwa na cha kubeba.

Kuna gharama, na haifai kuificha. Profesa anayeuza silabasi anaongezea mshahara ambao hautoshi, na ukimwambia aache bila kumpa kingine unamwambia watoto wake wasile. Mageuzi ya kweli yatagusa malipo: kumlipa mwalimu kwa saa za kuongoza makundi, kuwapa maasistenti idadi ya wanafunzi wanaoweza kuwajua kwa majina, kupunguza kundi la ishirini kuwa la watano. Fedha ya kuanzia si nyingi kuliko ile inayotafutwa kwa ajili ya vifaa, ila haionekani vizuri kwenye picha ya uzinduzi, na nadhani hiyo ni sababu mojawapo inayoifanya isitafutwe. Mwalimu mmoja mmoja hata hivyo hahitaji kungoja Kinshasa. Anaweza muhula ujao kukataa ukurasa wenye majina ishirini, akaita watu watano mbele ya meza yake, akamwambia wa kwanza: nieleze sehemu ya mwenzako aliyekaa kushoto kwako, halafu yeye ataeleza yako.